Arobaini kwenye Boti ya Kumi na Tano

Siku ile mjinga alikuwa Deogratias, na yeye mwenyewe hakatai. Anachobishia mpaka leo ni idadi ya mashahidi. Watu wa Karema wanasema ufukweni walisimama watu sitini. Deo anasema hawakuzidi thelathini, na kati ya hao wengine walikuwa wanafua nguo, hawakuwa wakimwangalia yeye. Tuache hesabu hiyo. Hata wangekuwa watatu, habari ingefika Mpanda kabla ya basi.

Deo ni mkulima wa Magamba. Mpunga anaujua, mahindi anayajua, na mashine ya kukoboa anaifungua na kuifunga akiwa anapiga soga. Ziwa ndilo lililokuwa halimjui. Wazo la boti lilikuwa la mkewe, Helena, aliyezaliwa Karema, mtoto wa watu wanaolala na sauti ya maji masikioni. Kule kwao kuna kikundi cha akina mama wanaonunua dagaa kwenye kambi za wavuvi za upande wa kusini na kuwaanika hukohuko juu ya chanja. Kila Jumamosi mzigo lazima ufike Karema kwa maji, maana lori la kwenda Mpanda halina subira na kambini halifiki. Boti iliyokuwa ikiwabebea ilikuwa imezeeka, na mwenyewe alikuwa amehama nayo.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mtulivu anayeitwa Suzana, alimwambia Helena neno fupi. Leteni boti yenu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutaipakia magunia kumi, nitapanda mwenyewe, tutazunguka. Dagaa wakirudi wakavu, kazi ni yenu msimu mzima. Wakirudi wamelowa, kuna mtu wa Ikola ananisubiri.

Basi mpunga wa misimu miwili ukauzwa. Nusu ikaingia kwenye mbao, na mbao zikaingia mikononi mwa Pontien, fundi boti ambaye akipiga msumari huwa anauomba radhi kwanza. Pontien alichonga boti ya mita saba, nyembamba, safi, imetulia kama mtu aliyeshiba. Ilipokwisha, akachukua kamba ya katani, akaipima juu ya boti na kuifunga mafundo. Kamba nzima ni urefu. Fundo la kwanza ni upana wa katikati, la pili upana wa nyuma, la tatu kimo cha ubao wa nyuma, pale injini inaponing'inia.

"Mpelekee anayeuza injini," akamwambia Deo. "Kama ni muuzaji wa kweli, ataiomba kabla hujaitoa. Kama haombi chochote, toka dukani kwake."

Deo akaiweka kamba mfukoni, akapanda basi la Mpanda.

Sasa hapa lazima aingie Doto, maana bila Doto Deo asingekuwa mjinga, angekosea tu kama watu wengine. Doto ni mwanamke wa Kisukuma aliyezaliwa Mpanda mjini. Ana duka la spea jirani na soko, anauza na kutengeneza pampu, mashine za kusaga na injini za boti, na mikono yake haijawahi kutakata tangu siku ya ubarikio. Deo ni Mfipa. Na Mfipa na Msukuma ni watani, jambo ambalo hakuna aliyelichagua, mtu analikuta kama anavyolikuta jina la ukoo. Baba mdogo wa Deo alipofariki, Doto aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu alikuwa mtumwa wake na aliondoka bila kuaga. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka. Jogoo akaletwa.

Kwa hiyo Deo alipoingia dukani hakutegemea salamu ya kanisani.

"Karibu, Mfipa," Doto alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye pampu aliyokuwa anaifungua. "Umekuja kwa miguu? Ungo umepata pancha?"

"Umepata. Nikasema niende kwa Wasukuma waniazime ng'ombe nipande, si ndiyo magari yenu."

"Ng'ombe wangu hawabebi wachawi, wanakauka maziwa. Una shida gani?"

"Injini ya boti."

Hapo Doto aliinua kichwa. "Boti? Mfipa ana boti? Nyie si mnavuka kwa ungo, usiku mmoja mpaka Kongo na kurudi kabla ya chai? Lete vipimo."

Deo akatoa kamba. Doto aliinyoosha sakafuni, akaipima kwa futi, fundo kwa fundo, huku akiimba kidogo puani. Akauliza magunia mangapi. Kumi. Watu wangapi? Watatu, pengine wanne. Boti itakwenda mbali na nchi au itafuata ufuko? Itafuata ufuko. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye gauni, mahali palepale alipojipangusa jana na juzi.

"Injini ya nguvu za farasi kumi na tano," akasema. "Mguu mfupi, maana ubao wako wa nyuma ni mfupi."

"Arobaini je?"

Labda kama Doto angejibu kama daktari, haya yote yasingetokea. Lakini dukani walikuwa wateja wawili wengine, na mbele yake alisimama mtani wake anaulizia arobaini. Utani haumwachi mtu apite hivihivi.

"Arobaini ni ya watu wazima, Mfipa. Wewe ukiiwasha itaondoka yenyewe na kukuacha umekaa juu ya maji unashika hewa. Kumi na tano ndiyo saizi yenu. Hata hiyo nakuhurumia. Kwa haki ningekuuzia kasia."

Wateja wakacheka. Deo naye akacheka, kwa sababu ndiyo heshima, lakini ndani alikuwa ameshafunga mlango. Mwaka juzi alimpelekea Doto pampu yake ya kumwagilia bustani, na Doto, akiwa na uso mkavu kama wa hakimu, akamwambia pampu ya aina ile haipendi oili, inapenda samli ya ng'ombe. Deo alizunguka soko zima akatafuta samli, akarudi nayo, na hapo Doto ndipo alipoangua kicheko, akachukua samli akaenda kupikia. Magamba nzima ilisikia. Mtu aliyenunua samli ya pampu hanunui tena neno la Doto kirahisi.

Leo, Deo aliwaza, huyu anataka nikasimame mbele ya wakwe zangu Karema na kiinjini cha kuchezea, halafu aje msibani miaka kumi baadaye alale kaburini na kusimulia.

"Nitarudi," akasema.

"Utarudi," Doto akamjibu, ameshainamia pampu. "Ukirudi njoo na jogoo."

Duka la Halfani lilikuwa jipya, lina vioo na feni. Halfani ni mfanyabiashara mstaarabu, mtu wa kanzu safi na maneno laini. Alimkaribisha Deo kiti, akamwita mzee wangu, akaagiza kahawa na tangawizi. Hakumwuliza ungo uko wapi.

"Nataka arobaini," Deo alisema, na jinsi lilivyomtoka neno lile lilimpendeza hata yeye mwenyewe.

"Ipo, mzee wangu. Mpya. Boti yako itaibeba?"

"Itaibeba."

"Basi wewe ndiye unayeijua boti yako. Ikitokea haifai, kama haijachubuka, mimi nitaipokea ndani ya wiki mbili na kukurudishia pesa yako. Biashara si ugomvi."

Hakuuliza zaidi, na si kosa lake, maana mteja alisema anajua. Deo alikunywa kahawa akiwa anaisikia kamba mfukoni. Maneno ya Pontien nayo yalikuwa mfukoni humo, pamoja na kamba, na Deo hakuingiza mkono.

Tumtetee kidogo. Kwa mtu wa mashine za kukoboa, injini kubwa ndiyo akili. Kule Magamba mwenye mashine ndogo anaona wateja wakipita na magunia yao kwenda kwa mwenye kubwa. Mashine kubwa haiharibu mchele kwa sababu ya ukubwa wake. Na nyumba iliyobeba mashine haijawahi kuzama. Deo alichukua akili yake yote ya nchi kavu, akaipandisha juu ya basi pamoja na injini, akaifunga kwa kamba ya manila, akaenda nayo Karema.

Pontien aliwaona wanaume wawili wanaishusha huku wanaguna. Akaizunguka mara tatu. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Ni ya boti ipi?"

"Ya hii yako, fundi."

"Muuzaji aliomba kamba?"

"Kuna mmoja aliiomba," Deo alisema, na hilo lilikuwa kweli.

"Akasemaje?"

"Alisema mengi."

Pontien akashika upande mmoja wa injini. Waliifunga injini kwenye ubao wa nyuma, na boti, ambayo asubuhi ilikuwa imelala sawasawa juu ya maji, ikakaa kitako. Pua ilitazama juu kama mbwa anayesubiri mfupa. Deo alisema ni upya tu, itazoea. Pontien akamjibu kwa upole kwamba mbao alizikausha miezi mitano zisije zikazoea kitu.

Jumamosi ilifika bila upepo. Magunia kumi ya dagaa yakapakiwa, sita yakasukumwa mbele ili pua ishuke. Suzana akapanda, akakaa katikati, kitenge chake amekikunja vizuri magotini. Helena akakaa mbele. Deo akashika mkono wa injini nyuma, akiwa ameikalia karibu kama mwendesha bodaboda.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Boti ilitoka taratibu, na maji ya Tanganyika siku ile yalikuwa yametulia mpaka mtu angeona kokoto chini. Suzana akatazama kushoto na kulia.

"Inakwenda polepole," akasema.

Alikuwa anaisifia. Deo alisikia lawama. Akaongeza moto.

Injini ikanguruma, na pua ya boti ikapanda, ikapanda tena, mpaka Helena akawa amekaa juu kuliko wote, anamtazama mumewe chini kama mtu aliye dirishani. Mwendo, cha ajabu, haukuongezeka sana. Boti ilikuwa inachimba. Nyuma ilikuwa imeingia kwenye shimo la maji ambalo injini yenyewe ililichimba, na nyuma ya shimo hilo wimbi lilikuwa linawafuata, refu, limenyamaza. Deo aligeuka akaliona. Akafanya jambo ambalo kila mtu wa nchi kavu angefanya akiogopa, akakata moto ghafla.

Boti ikasimama. Wimbi halikusimama. Lilipita juu ya ubao wa nyuma kama mgeni aliyekuwa anasubiri tu mlango ufunguliwe, likamlowesha Deo mpaka kiunoni, likapita chini ya miguu ya Suzana na kwenda kulala kwenye magunia.

Hakuna aliyepiga kelele. Nchi ilikuwa karibu, mtu angefika kwa kutembea majini. Suzana aliinua kitenge chake vidole vinne.

"Turudi, baba," akasema.

Ufukweni walikuwapo hao mashahidi tuliokubaliana tusiwahesabu. Magunia matatu yalikuwa yamelowa. Deo alishuka akiwa anachuruzika, na bado alikuwa na maneno.

"Ni kuzoea tu, mwenyekiti. Mimi nitakuwa nakwenda polepole. Hii injini hailazimishi mtu, unatumia robo yake."

"Ukitumia robo," Suzana aliuliza, "hizo tatu zilizobaki tunazibebea nini?"

Deo akainama kukamua suruali.

"Jumamosi ijayo nitapanda tena," Suzana akasema, safari hii akimtazama Helena. "Yule wa Ikola nitamwambia asubiri wiki moja. Mbili hatakubali, na mimi siwezi kumwomba."

Akaondoka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Deo zaidi, maana mtu aliyekasirika unaweza kumbembeleza.

Alasiri nzima Helena alikuwa amewatandaza dagaa waliolowa juu ya turubai, anawageuza kwa mikono, mstari kwa mstari. Deo alikaa upande wa pili akigeuza pia. Akina mama wa kikundi walipita, wakawapa pole, wakainama na kugeuza kidogo kabla ya kuendelea.

"Doto alisema ngapi?" Helena aliuliza.

"Mke wangu, Doto alinitania. Alisema Wafipa tununue kasia."

"Sijauliza alikutania vipi. Namba. Alisema ngapi?"

Deo akageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa. "Kumi na tano."

Helena akapangusa mikono, akatoa simu. Helena ni Mbende wa ziwani. Kati yake na Doto hakuna utani wowote, kuna heshima tu, ya mteja na fundi. Akapiga, akaweka sauti ya nje, akailaza simu juu ya jiwe katikati yao.

"Mama Scola, habari za huko?" Doto aliitikia. Scola, yaani Scolastica, ndiye binti yao wa kwanza. "Watoto hawajambo? Mama mkwe wa Mfipa wangu anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, dada. Nina swali la boti." Helena akamweleza yote, mafundo ya kamba, wimbi, magunia. Hakuongeza na hakupunguza.

Sauti iliyojibu, Deo hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mzima, inakwenda taratibu.

"Sikiliza, mama. Boti ya mbao ya upana ule ina mwendo wake, na fundi aliyeichonga ndiye aliyeupanga. Ikishafika mwendo huo, hata uifunge injini ya meli haitakimbia. Itainua pua, itachimba shimo, itakaa ndani yake. Ile arobaini ina uzito karibu mara mbili ya kumi na tano, na uzito wote uko nyuma, mahali pabaya. Mafuta yenyewe mtayanunua mpaka mchoke. Kumi na tano, mguu mfupi, niwawekee propela ya kubeba mzigo, si ya kukimbia. Mzigo ukae katikati. Na dereva asikae nyuma kabisa, afunge bomba la kuurefusha mkono wa injini, asogee mbele hatua moja. Hayo tu."

"Kwa hiyo ulimwambia Baba Scola kumi na tano."

"Nilimwambia."

"Yeye alidhani unamtania."

Kwenye simu ikasikika sauti ya spana ikiwekwa mezani.

"Nilikuwa namtania," Doto alisema. "Lakini namba sikuitania. Nikitania namba nitafunga duka."

Deo hakuweza kuvumilia. "Na samli je? Samli haikuwa namba?"

"Nani huyo anapiga kelele huko nyuma?" Doto akauliza, na sauti ikarudi ile ya kila siku, kama mtu aliyevua viatu vya kanisani. "Ah, kumbe mtumwa wangu yupo. Mfipa, ile samli uliimwaga kwenye pampu?"

"Sikuimwaga."

"Kwa nini?"

"Ulinishika mkono."

"Nikakushika. Samli nikaila. Ni lini nimekuacha uharibu kitu chako? Safari hii uliondoka kabla sijamaliza kucheka, ningekushikia nini?"

Deo akatazama dagaa. Helena naye akawatazama, na mabega yake yakaanza kutikisika kidogo, na Deo akajua kwamba mkewe anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kwa hilo, alijisemea, angeweza hata kurudi majini.

Jumatatu arobaini ilipanda basi kurudi Mpanda, imefungwa kwenye blanketi la watoto isije ikachubuka. Halfani aliikagua pande zote kwa kurunzi, akamwagizia Deo kahawa kama mwanzo, akatimiza neno lake. Mstaarabu ni mstaarabu. Kutoka pale Deo alikwenda sokoni, akachagua jogoo mwekundu mwenye hasira, akambana kwapani na kusimama mlangoni kwa Doto.

Doto alimtazama jogoo, kisha Deo, kisha jogoo.

"Yupi kati yenu ndiye aliyekuja kuomba msamaha?"

"Mchukue. Nataka kumi na tano. Halafu nataka uniambie kitu kimoja bila utani."

"Sema."

"Kwa nini mimi hukunisemesha kama ulivyomsemesha mke wangu?"

Doto alimfunga jogoo kwenye mguu wa meza. "Nikusemeshe hivyo wewe? Watu wangeniuliza tumegombana lini."

Alikuja mwenyewe Karema Ijumaa, na mfuko wa spana begani, akisema hawezi kumwachia Mfipa kitu chenye petroli. Yeye na Pontien walielewana bila maneno mengi, kama watu wawili waliosoma darasa moja bila kukutana. Waliipandisha injini kidogo, wakaishusha, wakabadili pini ili propela isukume nyuma badala ya kusukuma chini. Bomba la plastiki likafungwa kwenye mkono wa injini. Boti ilipoachiwa ikalala sawasawa, pua na mkia vikiwa vimepatana. Pontien akavua kofia, na safari hii hakuivaa mara moja.

Jumamosi Suzana hakutaka mzunguko mdogo wa ufukweni. Alitaka safari yenyewe. Walikwenda mpaka kambini, wakapakia magunia kumi, wakageuka kurudi Karema. Mbele Helena, katikati Suzana na mzigo, Doto kando yake, Deo nyuma lakini si nyuma kabisa, ameshika bomba lake kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto. Jua lilikuwa halijawa kali. Injini ilikuwa inaunguruma sauti moja, na maji yalikuwa yakipasuka mbele na kujiunga nyuma bila kinyongo. Suzana alikuwa amepenyeza mkono chini ya gunia la chini kabisa, kule ambako maji hufika kwanza, na hakuutoa. Hakusema neno tangu kambini.

Kimya cha Suzana kilimfanya Deo ajisikie anapimwa, na alikuwa anapimwa kweli. Angekaa vilevile, yangekwisha vizuri na kimya. Lakini kulitokea boti ya Ikola, ile ya yule mtu anayesubiri. Boti ndefu, mara mbili ya yao, na nyuma yake imening'inia arobaini. Ikawafikia, ikawapita, na dereva wake akanyanyua mkono, si kwa ubaya, kuwasalimia tu. Mawimbi yake yakaitikisa boti ya Pontien kidogo na kuiacha.

Deo akaifuata kwa macho mpaka ikawa ndogo.

"Yule asingenipita," akasema.

"Umeanza," Helena alisema bila kugeuka.

"Nasema kitu cha kweli. Ningekuwa na arobaini yangu asingenipita."

"Boti yake ni mita kumi na nne, Mfipa," Doto akasema. "Yako ni saba. Punda akivaa tandiko la farasi bado anabeba maji."

"Pontien angeongeza ubao mmoja nyuma. Mmoja tu. Maji yangeingilia wapi?"

"Angeongeza ubao, injini ingezidi kukaa chini, angeongeza wa pili. Mwisho angekujengea ghorofa."

"Nyie mnacheka. Lakini biashara ni kuwahi. Yule akifika sasa hivi, mzigo wake unapanda lori wa kwanza."

"Lori linaondoka saa tisa," Helena alisema. "Sasa hivi ni saa tano."

"Leo. Siku nyingine je? Siku ya mvua? Mtu mwenye nguvu mkononi hata asipoitumia..." Deo alijua kwamba anashindwa, na mtu anayejua anashindwa huwa anaokota jiwe lolote lililo karibu. "Na kwanza yale maji ya juzi mmeyakuza. Yalikuwa ndoo mbili. Dagaa wenyewe si wageni wa maji. Wamezaliwa humo, wamekulia humo. Ndoo mbili zitawafanya nini?"

Doto akafungua mdomo, halafu akaufunga, kwa sababu Suzana alikuwa ametoa mkono chini ya gunia. Mwenyekiti aliutazama ule mkono juu na chini. Ulikuwa mkavu, una magamba mawili matatu yanayong'aa. Akaupangusa kwenye kitenge kwa mazoea tu.

"Ni kweli wamezaliwa humo, Baba Scola," akasema. "Ila walishatoka mara moja, na wewe ndiye tuliyekuajiri wasirudi."